Vilivyomo Havina Waranti

Tabita alikuwa na miaka arobaini na mitatu aliponunua kompyuta yake ya kwanza. Aliingia dukani Tunduma na maswali aliyoyaandika kwenye karatasi, kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi kutoka Isansa hakutaka wenye maduka wa mpakani wamwone mshamba.

"Waranti ni ya muda gani?"

"Mwaka mzima, mwalimu," alijibu Gasper, mwenye duka, mtu mpole wa maneno laini.

"Ikiharibika naileta hapa hapa?"

"Hapa hapa. Mimi siendi kokote."

"Na ikianza kuwa nzito?"

"Tunaiongezea ram, kumbukumbu ya ndani inayoipa kasi. Kazi ya nusu saa."

Gasper alipoiwasha, mashine ikadai barua pepe. Tabita hakuwa nayo. "Usihangaike, nakuwekea yangu. Wateja wangu wengi nawafanyia hivyo." Akamwonyesha tarakimu nne za kufungulia, basi. Suala la barua pepe halikuwemo kwenye karatasi ya Tabita, na hakuna aliyemwambia kuwa nalo ni la kuulizwa.

Mashine aliinunua kwa ajili ya mama yake. Bi Atuganile alikuwa mkunga wa jadi. Kwa miaka arobaini alipokea watoto wa Isansa na vijiji vya jirani. Kusoma hakujua, lakini kichwa chake kilikuwa rejista. Watu wazima na mvi zao walimjia wakitafuta tarehe za vyeti vya kuzaliwa, naye akawaambia, "Wewe ulikuja juma lile mvua ya mawe ilipopukutisha maua ya kahawa, Jumapili ya kwanza ya Majilio." Wakienda kuuliza kanisani, wanakuta ndivyo.

Basi kila jioni baada ya shule Tabita aliweka kompyuta mezani, mama akasimulia kwa Kinyiha, mashine ikarekodi. Jioni moja kikongwe akamgeukia. "Leo toka nje, mwanangu. Haya ni ya Gwalugano, si yako."

Tabita alielewa. Gwalugano, jirani yao, alipata uchungu akiwa na miaka kumi na saba, akazimia kwa kutokwa na damu. Alipozinduka mtoto alikwisha kuzikwa. Mkunga alimzika peke yake usiku ule, mahali fulani kwenye shamba la kahawa, na familia ikaamuru lisisemwe tena. Wote walioamuru walikwisha kufa. Tabita akawasha kinasa sauti cha kompyuta, akatoka, akakaa jikoni hadi alipoitwa.

Alipompelekea Gwalugano habari, alijibiwa, "Itunze, mdogo wangu. Siku nikiwa na moyo wa kuisikia nitakuja."

Miezi mitatu baadaye kiharusi kikamwangusha Bi Atuganile. Alipona, lakini ulimi haukurudi. Sasa yote aliyoyajua yalikuwa ndani ya mashine, na mashine ilizidi kuwa nzito; kufungua sauti moja kulimchukua Tabita muda wa kuchemsha maharage. Kisha Gwalugano akaja mwenyewe. "Jumamosi nitakuwa tayari," alisema.

Tabita hakutaka mashine ikwame mbele ya mwanamke yule siku ile. Akaipeleka Tunduma, Gasper akaifungua mgongo, akaongeza ram, akaifunga. Ilipowaka, kioo kikawa cha buluu. Kilitaka namba ya tarakimu arobaini na nane.

"Namba gani hiyo?" Tabita aliuliza.

Gasper alikuwa amekwisha kubadilika uso. "Ukibadilisha kifaa ndani, mashine inaweza kudhani imeibwa, ikajifunga. Namba yake ipo kwenye barua pepe iliyosajiliwa."

"Si yako hiyo?"

"Ni yangu, mwalimu. Ila nilibadilisha nenosiri, nikalisahau, na wakitaka kunithibitisha wanatuma ujumbe kwenye laini ya zamani. Simu iliibiwa. Ile laini sasa anayo mtu mwingine."

Akaitoa ile ram. Kioo kikabaki vilevile. Akajaribu mpaka malori ya foleni ya mpakani yakasogea mara mbili nje ya mlango. Mwishoni akaweka mikono juu ya meza. "Naweza kuifuta yote ianze upya. Waranti bado ipo, sitakudai kitu."

"Na sauti za mama yangu?"

"Waranti ni ya mashine. Vilivyomo havina waranti. Hukuhamishia hata kwenye flashi?"

Hakuhamishia. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Tabita akaichukua kompyuta kama ilivyo, akaikumbatia njia nzima hadi nyumbani. Hasira zilimtafuta Gasper, zikamkosa, zikarudi kwake mwenyewe.

Jumamosi Gwalugano alikuja amevaa kitenge kipya, na kichwani kilemba cha kwenda ibadani. Tabita alimweleza yote bila kujificha. Gwalugano hakulia. Aliuliza tu, "Na wewe hukusikia hata neno moja?"

"Nilikuwa jikoni, dada. Nisamehe."

Gwalugano akaingia ndani kwa Bi Atuganile, akapiga magoti, akamsalimu. Wakasaidiana na Tabita kumbeba kwa kiti hadi ukingoni mwa lile shamba la kahawa. Tangu kiharusi, kikongwe alibakiwa na sauti moja, "ee," ya njaa, ya maumivu, ya kukubali na ya kukataa.

Gwalugano akaenda kwenye mstari wa kwanza, akashika mbuni wa mwanzo. "Mama, ni hapa?"

"Ee."

Akausogelea wa pili. "Au hapa?"

"Ee," alisema Bi Atuganile, na machozi yakamtoka jicho moja, lile lililokuwa bado lina uhai.

Gwalugano akaendelea mbuni hadi mbuni, akiinama na kuuliza, na kila alipouliza alijibiwa. Tabita alisimama nyuma ya kiti hadi mstari wa nne. Hapo akashindwa, akamfuata shambani, akamshika mkono. Gwalugano akauondoa mkono huo taratibu, akasogea kwenye mti uliofuata.