Chai ya Kuona Mbali

Walipopita Maboya, Faida aliona kwamba mume wake hapepesi macho. Moustapha alikuwa dereva wa Fuso tangu ujana, na njia ya Butembo kwenda Beni aliijua shimo kwa shimo. Siku hiyo walibeba viazi vya Masereka, mali ya Faida, na juu ya magunia walikaa abiria sita.

"Baba Amina, uko muzuri?"

"Kinywa imekauka. Nipe maji."

Alimaliza chupa nzima, bado akalamba midomo. Uso wake ulikuwa wa moto, lakini bila tone la jasho. Ule weusi wa katikati ya jicho ulikuwa umepanuka mpaka umekula jicho lote.

"Umekunywa nini?"

"Chai ya Lusenge, dereva mwenzangu. Anapikaka majani ya yale maua meupe ya ku lupango, yenye kuangalia chini. Ukikunywa, unaona baasi benye kuvizia ku njia, mbele bao bakuone."

Faida aliyajua. Maua yale nusu ya Butembo wameyapanda kuwa uzio. Mama mkwe wake aliyapasha majani moto na kuyafunga kwenye goti la Moustapha likivimba, lakini hakugusa sufuria kabla ya kunawa mikono vizuri.

"Lakini ile ni ya goti. Hapana ya tumbo."

"Inaponyesha goti, itaniuwa namna gani?" Moustapha akacheka. Halafu akageukia nafasi iliyokuwa kati yao. "Baba, sogea kidogo, nabadilisha vitesse," akasema, mkono ukienda kwenye gia.

Pale kati palikuwa na kikapu cha Faida tu. Mzee Ibrahim, baba yake Moustapha, walimzika Beni miaka minne iliyopita.

Kwenye mteremko wa Kabasha, wanawake watano walikuwa wanatoka shamba, majembe begani, wamejaza njia.

"Njo bale," Moustapha akasema polepole. "Beko na bunduki."

"Ni bamama, Baba Amina. Ile ni majembe."

"Weye haukukunywa. Hauwezi kuona."

Akakanyaga mafuta. Abiria wakaanza kupiga kabini kwa ngumi. Faida akashika usukani. Moustapha akamtupa kwa kiwiko mpaka mlangoni. Hapo akajua kwamba kwa nguvu hatamweza. Wanawake walikuwa wameanza kugeuka. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde. Hawakuwa na pa kukimbilia.

"Baba Amina," Faida akasema, na sauti aliilazimisha itulie, "Mzee anasema adhuhuri imefika."

Mguu ulilegea kidogo. "Anasema?"

"Anataka kushuka, aswali. Utamupitisha saa ya sala, baba yako muzazi?"

Moustapha akainamia kikapu kwa heshima. "Pole, Baba. Sikusikia."

Akafunga breki. Fuso ikateleza, magunia yakagonga kabini, ikasimama karibu sana hata vumbi likawafunika wanawake wote. Faida akachomoa ufunguo akautupa dirishani.

Vumbi liliposhuka, wanawake walikuwa wamesimama. Moustapha alikuwa ameingia chini ya gari, anachimba udongo kwa kucha, anaomba wasimmalize. Walimfunga kwa vitenge vyao. Alipomwona Faida, alilia zaidi, kwa sababu hakumjua.

Hospitalini Beni, daktari alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu. "Kuna wanaokufa kwa kikombe kimoja," akasema. "Tungoje." Siku mbili Moustapha aliokota hewani vitu ambavyo havikuwepo.

Siku ya tatu akamwita Faida kwa jina.

"Nilikanyaga bangapi?"

"Hata mumoja."

"Usinidanganye, Mama Amina. Nilisikia ku mipira ya Fuso."

Kila asubuhi aliuliza lile lile. Hakula. Faida akatuma habari Kabasha, na wale wanawake wakaja, watano wote, na ndizi. Mbele alikuwa Rébecca, kiongozi wa wamama wa kanisa lao.

"Njo siye, dereva," Rébecca akasema. "Tuangalie. Ulitukosa, sasa kula, tusirudishe ndizi."

Wenzake wakacheka. Moustapha akawatazama mmoja mmoja. Akashika mkono wa Rébecca, akaubonyeza, akausikia una joto. Machozi yakamtoka, akawashukuru wote, na Faida akapumua.

Halafu Moustapha akaangalia mlango, nyuma yao.

"Na bale bengine," akauliza kwa sauti ndogo, "mulibazika wapi?"