Mizani ya Mwolyo

Hakuna aliyemtarajia mgeni. Pikipiki ilimshusha pale wanawake walipokuwa wakichimba matuta ili wapewe mahindi ya msaada, ule mwolyo wa kila mwezi. Kwapani alibeba mizani ya kukanyaga.

"Naitwa Kivuva. Mradi umenituma kukagua orodha."

Macho yake yalimwangukia Kalekye, aliyeketi juu ya jiwe, mguu mmoja ameunyoosha. Goti lilikuwa limefura.

"Wewe, mbona huchimbi?"

"Ni goti, bwana. Limesagika ndani. Nimepumzika kidogo tu."

"Panda hapa."

Alipanda. Mshale ukasimama kwenye tisini na nne.

"Shuka haraka, mama, itavunjika!" Nduku alipiga kelele, wenzake wakacheka.

Kivuva hakucheka. "Njaa gani hii inanenepesha watu?"

"Ni ugali mtupu na chai ya sukari. Maharagwe tuliyaona mwisho Januari. Daktari alisema nikitembea, kila kilo ya mwili goti linaibeba kama nne. Akasema nipungue, nile mboga na samaki."

"Basi tunaelewana. Daktari anataka ukonde, na mimi nakusaidia."

Akachomoa rula, akalikata jina lake kwa mstari ulionyooka.

"Bwana, nina watoto wawili."

"Mwolyo ni wa wenye njaa."

Nduku aliinamia jembe lake. Hakuna aliyecheka tena.

Mahindi yalipogawanywa, Kalekye alifungua fundo la leso na kutoa kadi ya mgao ya Susu Ndila, ajuza kipofu wa mlimani. Asubuhi alikuwa amemwambia, "Wako nitauleta kabla jua halijatua, susu." Akapewa gunia la ajuza, akalifunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, akaanza kupanda. Kila hatua goti lilikwaruza kama jiwe la kusagia.

"Mnaona?" Kivuva alisema nyuma yake. "Eti mgonjwa."

Alipolitua mlangoni, gunia lilipasuka pembeni. Mahindi yakamwagika vumbini.

"Umefika, mwanangu," Susu Ndila alisema kutoka ndani. "Na wako?"

"Uko nyumbani, susu."

Ajuza hakuweza kuona. Nyumbani kwa Kalekye, watoto walikuwa wameshateka maji ya ugali. Kalekye alishika mwimo wa mlango wa ajuza, akalipiga lile goti bovu chini, akaanza kuokota punje moja moja na kuzirudisha guniani. Zote.