Mlango wa Irving

Pikapu ilipoteleza mara ya tatu, Godefroid aliachia breki na kuuacha usukani utafute njia wenyewe, kama alivyozoea kufanya kwenye tope la kwao Walikale enzi akiendesha Fuso za watu. Tope lina huruma kidogo, likikuangusha, linakushika. Barafu hii haikuwa na huruma yoyote. Gari lilizunguka robo, likagusa ukingo wa barabara, likatulia.

"Papa, please," alisema Christelle. Alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu watoke nyumbani Haltom City simu haikumtoka mkononi. "Nakuambia bamefunga. Iko ku website. All offices closed."

"Internet si mulango," alisema baba yake. "Nitaamini mulango."

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Siku nyingine, saa kama hiyo, barabara ya 183 haina hata upenyo wa baiskeli; leo ilikuwa tupu, isipokuwa lori moja lililolala ubavu. Mvua ya usiku ilikuwa imeganda kila ilipoangukia, na watu wenye akili zao walikuwa bado vitandani. Bibiche, mkewe, alimwambia hivyo hivyo alfajiri. Alipoona hasikii, akamsaidia kupakia nyuma magunia manne ya unga wa mahindi yaliyokuwa yakingoja sherehe ya kanisa, ili matairi yapate uzito.

"Unga wa watu huo," alimwonya. "Urudi wote."

Godefroid hakuzaliwa mbishi. Ubishi huu ulimwingia siku moja tu, mwaka 2011, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Familia yake ilikuwa imeshapita usaili wa kuja Amerika. Alibaki mama yake, ambaye faili lake lilikuwa peke yake. Siku ya usaili wa mama, mvua ilinyesha kama imetumwa. Majirani wakasema magari hayawezi kufika, usaili umeahirishwa, kuna mtu kasikia redioni. Godefroid akamwambia mama, "Lala tu. Leo habatakuya." Saa sita mchana magari yakafika, tope hadi madirishani. Jina la mama likaitwa mara tatu, kisha likakatwa. Yeye alikuwa amelala, kwa sababu mwanawe alimwambia alale.

Sasa kwenye mfuko wa koti lake kulikuwa na barua: usaili wa uraia wa Amerika, saa mbili na nusu, ofisi ya uhamiaji ya Irving. Raia anaruhusiwa kumwombea mzazi wake aje. Asiye raia haruhusiwi. Miaka mitano alikuwa akiisubiri barua hiyo, na mama kule Kigoma alikuwa akizidi kuzeeka.

Kwenye mwinuko wa kutokea barabara kuu, pikapu iligoma. Matairi yalizunguka bure, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu hadi likaegemea ukuta wa daraja. Christelle alipiga kelele mara moja, kisha akaziba mdomo. Godefroid alitazama saa, akateremka, akaanguka, akainuka. Alitafuta mchanga, hakuuona. Ndipo akayatazama magunia.

Miaka kumi na miwili kambini alikuwa amepanga foleni kwa ajili ya unga kama huu, na kila gunia lilipokwisha alilikung'uta lisibakize hata vumbi. Alichomoa kisu, akachana gunia moja. Aliumwaga unga chini ya tairi la kushoto, kisha la kulia, kiganja baada ya kiganja, huku midomo ikimcheza.

"Unaomba?" Christelle aliuliza dirishani.

"Naomba musamaha."

Aliingia, akakanyaga mafuta kidogo sana. Matairi yakazunguka, yakasita, yakang'ata. Gari likapanda.

Maegesho ya ofisi yalikuwa matupu. Mlangoni kulikuwa na karatasi, na Christelle aliisoma kwa sauti: wamefunga kwa sababu ya hali ya hewa, tarehe mpya itakuja kwa posta. Godefroid aliuvuta mlango. Akauvuta tena.

"Nipige picha," alisema. "Mulango uonekane, na barua pia. Mutumie Koko, bibi yako. Aone nilifika."

Alisimama wima, barua kifuani, unga hadi viwikoni. Picha ikaenda. Christelle alikimbilia garini, meno yakigongana, na baba yake akawa anamfuata polepole aliposikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye simu ya binti, kavu na ya mbali, na kuku wakilia nyuma yake.

"Godefroid, nimekuona, mwanangu. Mulango nimeuona. Sasa bakia hapo hapo. Usitoke ku mustari, batakupita."

Hapakuwa na mstari, wala mtu.

Godefroid aligeuka, akarudi hadi kwenye mlango, akasimama kuuelekea, mikono mfukoni. Christelle alimtazama kutoka garini, hita ikimpulizia miguuni. Dakika zikapita. Kisha akazima injini, akafunga zipu hadi kidevuni, akaenda kusimama nyuma yake.