Mpaka Msimu Uishe

Bamia huwasha. Anayezila hajui, anayezichuma ndiye anayejua. Vinyweleo vyake huingia kwenye ngozi ya viganja, vikapanda hadi viwiko, na mtu akajikuna mpaka damu. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri Flaviana alivaa soksi za marehemu mumewe mikononi, akaingia shambani ameinama, mgongo ukimuuma tangu siku ile alipoteleza na ndoo akipanda kutoka kisima cha bondeni.

Alichuma changa tu, zile ambazo ncha hukatika kwa kuguswa na kidole. Zilizokomaa aliziacha kwa ajili ya mbegu.

"Safari hii zimezaa," alisema kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Hakuwa ameitumia tangu asubuhi, alipofukuza kuku kwenye mchicha.

Zamani hapo Soga alikuwa na majirani. Ng'ambo ya shamba aliishi Biubwa, ambaye walikuwa wakiazimana chumvi na kuwasema waume zao. Reli mpya ilipokuja, waliokuwa kwenye njia yake walilipwa wakapisha, na Biubwa akaenda kuishi na watoto wake Mlandizi. Sasa mahali pa nyumba yake palipita uzio, na nyuma ya uzio ilipita treni, haraka, haina moshi, imejaa watu wenye vichwa vilivyoinamia simu. Flaviana aliizoea. Wakati mwingine aliinua mkono. Hakuna aliyewahi kujibu, naye hakuwalaumu. Treni ile haikuwa na mwendo wa kujibizana na mtu.

Raphaeli, mumewe, alikufa kwa homa ya ini akamwachia binti mmoja, Vailet, na nyumba ya matofali waliyoifyatua wawili. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao. Aliyesema kwa niaba ya wote ni Gregori, mdogo wa marehemu, mtu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti maishani mwake.

"Shemeji, hatukufukuzi," alisema. "Kaa. Lima. Ila panda vitu vya msimu tu. Mti wa kudumu usipande. Unajua mwenyewe, huku kwetu mwenye mti ndiye mwenye ardhi, na wewe umekuja tu kutoka Mzenga."

Alikuwa amekuja tu kutoka Mzenga akiwa msichana, na sasa meno ya mbele yalikuwa yameanza kumtoka.

Mwaka mmoja alijisahau. Parokiani waligawa miche ya michungwa, akaipanda kandokando ya nyumba. Gregori alikuja asubuhi, akaing'oa mmoja mmoja bila kuvunja mizizi, akaipanga kibarazani kwa adabu kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima. "Umesahau, shemeji," alisema, akapokea kikombe cha chai, akanywa, akaenda zake.

Basi Flaviana akaishi kwa vitu vinavyokwisha. Bamia, nyanya chungu, matango, kunde. Mvua zikiwa nzuri, tikiti maji. Kila kilichoota mkononi mwake kilipewa miezi yake, kikazaa, kikang'olewa, akaanza upya kwenye ardhi tupu kama mgeni aliyefika jana.

Siku yake ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo alifunga viroba vyake kwenye bodaboda, akaenda Kibaha, kwenye gulio la wakulima nyuma ya maduka ya Maili Moja. Alitandika turubai mahali pake pa siku zote. Pale alizungumza. Alizungumza kuliko wauzaji wote, mpaka wenzake wakamtania kwamba mama wa Soga anauza maneno, bamia ni nyongeza. Alimweleza kila mnunuzi mvua ilivyochelewa na jinsi wadudu walivyokula upande wa mashariki wakaacha wa magharibi. Wengi walichukua fungu lao wakaondoka katikati ya sentensi.

Evaline hakuondoka. Alikuwa mwanamke wa ofisini, amehamia Kibaha na mumewe, kazi wakifanya Dar. Mara ya kwanza alichuchumaa kabisa, gauni zuri likagusa vumbi, akauliza, "Shikamoo mama. Hizi umelima mwenyewe?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelima, nimepalilia, nimechuma kwa mikono hii."

"Ndiyo ninazozitafuta. Zile za mjini zimelala, zimepigwa madawa, hata mtu hujui unakula nini."

Hakupatana bei. Akawa anakuja kila Jumamosi, na kila alipokuja alikaa. Aliuliza habari za Vailet kwa jina. Siku moja alimletea dawa ya kuchua mgongo. Flaviana akaanza kumwekea fungu pembeni, chini ya kanga, na ikawa wiki yake nzima inapimwa kwa jambo moja: hili nitamwambia Evaline.

"Mama," Evaline alisema siku moja, "mimi na rafiki zangu tunatamani kuja kuona shamba. Tule pale pale vinakotoka. Tutakusumbua?"

"Kunisumbua?" Flaviana alicheka, akaziba mdomo kwa sababu ya meno. "Njooni hata kesho."

Walikuja Jumapili iliyofuata baada ya misa, magari mawili. Flaviana alikuwa amesugua kuta za nje kwa maji, amefagia uwanja mpaka mchanga ukabaki na michirizi ya ufagio. Alipika kisamvu cha nazi, bamia na nyanya chungu, na akamchinja jogoo. Wageni walikula wakiwa wamekaa kwenye mikeka, wakapiga kelele za kusifu, wakaomba kuongezwa. Nyumba ile haikuwa imesikia vijiko vingi namna ile tangu msiba.

Mume wa Evaline, Ambokile, alikula kidogo akasimama, mikono nyuma.

"Mama, shamba lako linaishia wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Flaviana alinawa mikono akamwongoza mwenyewe. Alimwonyesha mti wa mkorosho uliopandwa na babu wa mumewe, ambao ndio alama ya kaskazini. Alimwonyesha bonde na kisima kisichokauka. Alimpitisha kando ya uzio wa reli, akamwambia kutoka pale hadi kituoni ni mwendo mfupi tu, hata mzee anafika kabla jasho halijamtoka. Ambokile alitikisa kichwa kwa kila jambo. "Pazuri sana," alisema. "Pametulia."

"Pametulia," Flaviana alikubali, na moyoni akaona kwamba leo, kwa mara ya kwanza, neno lile halimuumi.

Waliporudi uwanjani walimkuta Gregori. Kijijini gari likipinda kuelekea kwa mtu, habari hufika kabla ya vumbi kutua. Alikuwa amevaa shati la kutokea, anawasalimia wageni mmoja mmoja. "Karibuni sana nyumbani kwetu," alisema. "Mimi ndiye mdogo wa marehemu." Wakati wa kuondoka yeye na Ambokile walisimama nyuma ya gari wakiandikiana namba za simu. Flaviana aliwaona. Alikuwa anafunga matango kwenye majani ya mgomba, kila mgeni na fungu lake, na aliona vyema kwamba shemeji yake amewachangamkia wageni wake.

Mvua za vuli zilipoanza kukatika, Gregori alikuja na watu wawili na nguzo fupi za zege. Walikuwa wameshachimba mashimo matatu kabla Flaviana hajafika mbio, jembe mkononi.

"Shemeji, kulikoni?"

"Mipaka, shemeji. Ukoo umewauzia wale wageni wako." Alisema kwa sauti ile ile ya kikao. "Nimewaambia wasiguse mboga zako. Vuna kwanza. Wametupa muda mpaka msimu uishe."

"Na nyumba?"

Gregori aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Nyumba nayo ipo juu ya ardhi, shemeji. Haielei."

"Nimefyatua matofali yale nina mimba ya Vailet."

"Na Mungu atakulipa."

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti Sospeter alimpokea vizuri mno, akainuka, akampisha kiti chake mwenyewe, na kwa heshima ile Flaviana akajua kwamba mambo yameshakwisha.

"Mama, mimi nilishuhudia tu. Familia ilikuja yote."

"Mimi si familia?"

"Wewe ni mke, mama."

"Mume amekufa."

"Ndiyo hivyo sasa," alisema mwenyekiti kwa huruma. "Ungekuwa na mtoto wa kiume tungekuwa na pa kuanzia. Au hata miti. Una miti pale?"

Flaviana aliinuka kwenye kiti.

"Kuna mabaraza, kuna mahakama, sheria sasa hivi inawatetea sana akina mama," mwenyekiti aliendelea, akimsindikiza mlangoni. "Lakini nani atakaa na wewe huko miaka yote hiyo? Na hawa ndio ndugu watakaokuzika."

Jioni alimpigia Vailet, anayekaa Dar, chumba kimoja na mwenzake wa kiwandani. Alimweleza habari za nguzo. "Njoo basi, mama," alisema binti, na nyuma yake sauti ya mwanamke mwingine ikauliza, atalala wapi? Flaviana alisema hapana, alikuwa anasalimia tu, mtandao unakatika, akakata yeye.

Jumamosi alikwenda gulioni kama kawaida. Kitu kimoja kilikuwa kimemkaa rohoni kuliko nguzo zote: labda Evaline hajui. Labda Ambokile alifanya hayo peke yake, na mwanangu yule akisikia atachuchumaa pale vumbini, atashika kichwa.

Evaline alikuja amebeba kikapu, akachuchumaa, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, shikamoo. Nilikuwa naogopa hutakuja. Usinione vibaya jamani."

"Ulijua?"

"Shemeji yako alituambia mmekaa mkakubaliana wote."

"Hukuniuliza mimi."

Evaline alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote usoni. "Ningekuulizaje, mama, na mwenye shamba alikuwepo?" Kisha akamkaribia zaidi. "Halafu fikiria, angeuziwa mtu mwingine, wa kujenga magodauni. Sisi tunapenda pale kwa sababu yako. Tutalima vile vile kama wewe, bila madawa. Tutaweka kijana wa kusimamia. Na wewe utakuja wakati wowote, ni kwako pale."

Akachagua bamia, akalipa bila kupatana bei. Flaviana alimtolea fungu lililokuwa chini ya kanga, kwa sababu mkono ulishazoea kwenda huko. Siku hiyo hakumsimulia mnunuzi mwingine yeyote habari ya mvua. Wenzake waliuliza kama anaumwa.

Msimu ukaisha kama misimu inavyoisha: bamia zikawa ngumu, matango yakageuka njano, mchicha ukatoa maua. Mafundi walisimamisha nguzo, wakavuta waya kuzunguka pote, wakaacha uwazi upande wa barabara kwa ajili ya geti. Flaviana alipata nafasi Mzenga, nyumbani kwa kaka yake, kwenye chumba walichokuwa wakiwekea mihogo mikavu. Wifi yake alisema kwenye simu kwamba wataihamisha mihogo, wakipata pa kuihamishia.

Siku ya kuondoka alitoa godoro, sufuria, jembe na picha ya Bikira Maria, akavikusanya nje ya uzio, kando ya barabara, kusubiri pikipiki ya mizigo. Alirudi ndani kufagia. Hakutaka waseme alikuwa mchafu.

Alikuwa bado na ufagio mkononi magari yalipofika. Evaline na rafiki zake walikuwa wamekuja kula chakula cha kwanza kwenye shamba jipya. Walimkumbatia mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema kisamvu cha siku ile hajakisahau mpaka leo. Waliingia kwenye mistari ya bamia wakichuma zile ngumu alizokuwa amezibakiza kwa mbegu, wakajaza vikapu, wakicheka kwa kuwashwa.

Kisha wakajipanga mbele ya nyumba, vikapu vikiwa vimeinuliwa, Ambokile katikati. Evaline alimkimbilia Flaviana, akampa simu yake.

"Mama, tupige sisi. Hapa, bonyeza hapa tu."

Flaviana aliegemeza ufagio ukutani. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo waliingia wote, wadogo, wanang'aa.

"Nyumba inaonekana?" aliuliza Evaline aliporudi mahali pake.

"Inakatika upande."

"Rudi nyuma kidogo basi, mama."

Akarudi nyuma.

"Na bamia zionekane. Kidogo tena."

Akarudi tena, akipapasa ardhi kwa kisigino, macho kwenye kioo. Paa likaingia. Mistari ya bamia ikaingia. Mkorosho wa kaskazini ukaingia, kisima hakikuonekana.

"Tena, mama. Usiogope, njia ni nyeupe."

Nguzo moja ya geti ilimpita upande wa kulia, nyingine ikampita kushoto. Alihisi kokoto za barabara chini ya ndala zake. Nyuma yake pikipiki ya mizigo ilikuwa imefika, dereva akipiga honi, akiuliza ni vitu hivi tu au kuna vingine.

"Hapo hapo!" walipiga kelele kwa pamoja kutoka ndani ya waya, wakitabasamu. "Hapo hapo, mama! Usisogee!"