Jiwe la Upande wa Upepo

Asubuhi ile, kabla sijawapeleka watoto ufukweni, baba yake Ara alikuja shuleni akanivuta pembeni.

"Mwalimu, historia wafundishe. Ila Ara anajua mama yangu alifia hospitalini, usingizini. Naomba ibaki hivyo."

Nikamwahidi. Ara ana miaka tisa, na bibi yake huyo, Mal-sun, ndiye aliyemlea mpaka mwaka juzi.

Bulteok ya kijiji chetu ni duara la mawe meusi lililojengwa juu ya miamba, usawa wa kifua, bila paa. Wanawake wapiga mbizi, wanaong'oa konokono wa baharini miambani kwa chuma, walikuwa wakibadilisha nguo humo, wakiota moto na kunyonyesha. Siku hizi wana chumba chenye maji ya moto, na bulteok imejaa chupa zilizoletwa na mawimbi.

"Mwalimu, hiki si choo?" Do-hyeon aliuliza.

"Choo cha nani? Mama yako kazaliwa humu, mjinga wewe," alisema Bibi Bu, mzee niliyemwomba atusimulie. "Ingia, tena kwa adabu."

Bibi Bu alizamia mpaka magoti yakamkatalia. Kumbukumbu zake huja na kuondoka, lakini asubuhi hiyo alikuwa mzima kabisa. Aliwaonyesha nani alikaa wapi. Upande unakotoka upepo, moshi haufiki. Hapo walikaa mabingwa. Wanagenzi walikaa ng'ambo ya moto.

"Mimi hapa nimekula moshi kuliko wali," alisema, watoto wakacheka. "Haya, kaeni."

Ara akakaa kwenye jiwe la upande wa upepo. Bibi Bu alimtazama.

"Dada Mal-sun, leo umewahi."

"Bibi anamwita Ara dada!" Do-hyeon alipiga kelele. "Shikamoo, Ara!"

"Bibi, huyu ni Ara, mjukuu wake," nilisema haraka. "Hebu tuambie kuni mlitoa wapi."

Hakunisikia. Alikuwa ameinama mbele ya mtoto.

"Dada, usimrudie yule konokono. Najua ni mkubwa, najua umeshamlegeza. Lakini pumzi yako imekwisha. Siku ile wote tuliibuka tukapiga mluzi wa kushusha pumzi, wako sikuusikia. Kumbe konokono amekibana chuma chako mwambani, na kamba ya chuma umeifunga mkononi. Tulikukuta hivyo hivyo, umenyoosha mkono."

Hakuna aliyecheka tena. Nilipaswa kuwatoa watoto pale, lakini nilibaki nimesimama.

Ara alikunja mikono mapajani.

"Sawa, mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Namwacha."

Bibi Bu akatikisa kichwa. "Ndivyo unavyosema kila mara."

Niliwaambia wengine wanisubiri barabarani. Do-hyeon alitoka wa mwisho, akiangalia viatu vyake. Nikachuchumaa karibu na Ara.

"Twende, mama."

"Baba anajua?"

"Anajua."

"Na wewe, Mwalimu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakulia. Upepo ulikuwa umeanza kuwa mkali, na Bibi Bu alikuwa anatetemeka, bado amesimama upande wa moshi, ingawa moto haukuwepo. Nilinyoosha mkono nimshike mtoto begani, akajivuta.

Kisha akasogea pembeni kabisa mwa lile jiwe, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki, akamwita Bibi Bu akae.