Mafundo ya Ghorofa ya Saba

Mimi ni Mgenya, na sisi Wagenya hatupigi msumari kwenye mti. Huko kwetu kwenye maporomoko ya Kisangani, magogo marefu yanasimama katikati ya mto, maji yanayapiga mchana kutwa na usiku kucha, na kinachoyashika ni kekele tu, zile kamba ngumu za msitu tunazoletewa kwa baiskeli kutoka njia ya Bengamisa. Tunayafunga, tunatundika mitego yetu ya samaki, kisha tunapanda juu yake bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha kufunga.

Ndivyo nilivyomwambia injinia Isaïe siku tuliyokutana. Alikuwa kijana wa Butembo, amesoma, mwenye miwani na adabu nyingi, na adabu yake ndiyo iliyonikera zaidi. Mtu akikupinga kwa adabu, utamgombezaje? Alikuwa ameajiriwa na mama Mbambu, mfanyabiashara wa kutoka huko huko kwao Kivu, anayeuza saruji na mabati kwa jumla. Mama huyo aliamua kujenga jengo la ghorofa saba katikati ya Makiso, moyo wa mji wetu, karibu na soko kuu: maduka chini, ofisi katikati, hoteli juu. Watu wa Kisangani walicheka. Walisema ghorofa saba ni za Kinshasa.

Ili kumwaga zege la kila ghorofa, unahitaji msitu mzima wa nguzo chini ya mbao, wa kubeba uzito mpaka zege likauke. Isaïe alitaka nguzo za chuma ziagizwe kutoka mbali. Mama Mbambu aliuliza zitachukua muda gani kufika, akaambiwa miezi mitatu kama barabara ni nzuri. Barabara haijawahi kuwa nzuri. Akaniita.

"Papa Ruffin, banasema unajua kusimamisha miti. Utaweza hii?"

"Mama, mi nasimamisha miti mu mayi yenye inakimbia. Hapa kwako mayi haiko. Hii ni kazi ya batoto."

Isaïe akainua kidole kama yuko darasani, akaniita mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, pardon. Na kama kekele inakauka?"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. "Wewe ulizaliwa ku milima, kekele uliiona wapi? Sikiliza. Fundo yangu moja ikilegea, narudi ku chutes kutega samaki, na mu chantier ya kujenga ya Kisangani hamutaniona tena. Nimesema."

Nililisema hilo mbele ya mama Mbambu, mbele ya vibarua thelathini na mbele ya muuza maandazi wa langoni, ambaye ni redio ya mtaa mzima. Na kwetu neno ukishalitoa limetoka.

Ghorofa sita zilipanda kama nilivyosema. Vijana wangu walifunga nguzo Jumatatu na Jumanne, zege likamwagwa Alhamisi, na kila mara waendesha toleka walisimamisha baiskeli zao barabarani, abiria nyuma, wakatazama juu midomo wazi. Nilianza kutembea polepole mjini. Kofia ya kazini niliivaa hadi kanisani, na mke wangu akakataa kukaa benchi moja na mimi.

Kisha ikaja ya saba. Tulifunga vizuri, nguzo zote, miti yote ya kulala na ya mshazari. Jumatano habari ikaja: lori la saruji limezama kwenye matope njiani, na mengine matatu nyuma yake. Tukangoja. Ilikuwa Januari, mwezi ambao kwetu mvua inapumzika kidogo, na jua lilitupiga wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikaa kivulini nikicheza dama na mlinzi, nikamshinda karibu kila siku.

Hapa ndipo kosa lilipo, na nitalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Kwenye maporomoko kekele haikauki. Inakunywa maji kila siku ya maisha yake. Katika miaka yangu hamsini na mitatu sikuwahi kuona fundo lililokaa juani wiki tatu, wala baba yangu hakuliona, wala baba yake. Tunajua maji yanafanya nini kwa mti. Jua linafanya nini, nani angetufundisha?

Mwishowe malori yakafika, na siku ya kumwaga nayo. Mama Mbambu alikuja na kitenge kipya. Padri alikuja kubariki. Wageni walikalishwa kwenye viti vya plastiki ng'ambo ya barabara, na mashine ya kuchanganya zege ilikuwa imeshaanza kunguruma. Isaïe alikuwa ametia saini karatasi yake ya ruhusa.

Sisi tuna desturi moja. Aliyefunga ndiye anayepanda kwanza, peke yake, miguu mitupu, na anakanyaga kila kiungo kabla mtu mwingine hajaweka uzito wake pale. Kwenye ghorofa zile sita nilifanya hivyo kwa madaha tu, nikiwapungia watu mkono. Siku hiyo pia nilivua viatu nikipiga mluzi, nikapanda.

Nilikanyaga mti wa kwanza. Ulicheza. Kidogo tu, upana wa kidole. Nikakanyaga wa pili, nao ukacheza. Nikashika fundo kwa mkono, likazunguka kwenye nguzo kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa. Kekele ilikuwa imekonda, na nguzo zenyewe, ambazo zilikuja mbichi, zilikuwa zimekonda pia. Nikajaribu lingine, na lingine, na lingine.

Sikusema kitu. Nataka hili lieleweke: sikusema kitu. Nilisimama pale kati ya nguzo zangu nikajiambia labda zitashika. Sita zimeshika, kwa nini hii isishike? Nilimwona padri chini amefungua kitabu. Nilimwona muuza maandazi ameacha maandazi yake kuja kuona. Nilikumbuka neno langu. Kwa muda ule, Mungu anisamehe, niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa zege kuwaangukia watu.

Ndoo ya kwanza ilikuwa inapanda. Aliyeibeba begani ni Hamadi, kibarua wa mtaa wa Kabondo, baba wa watoto wanne, mtu asiyejua kununa. Aliweka mguu kwenye mbao za kupandia, akaniona, akatabasamu.

"Mbote, chef!"

"Shuka!" nilipiga kelele. "Shuka, Hamadi! Bote mushuke! Hakuna mutu anapanda!"

Ngurumo ya mashine ikakatika. Isaïe alipanda ngazi mbili mbili, akafika akihema. Sikumweleza. Nilichukua mkono wake nikauweka kwenye fundo. Alilizungusha, akalizungusha tena, akavua miwani.

Nilingoja aniambie "nilikuambia". Nilikuwa nimestahili.

"Jana jioni nilipita hapa na niveau," alisema polepole. "Nilipima miti yote. Iko droit, imenyooka. Lakini fundo sikugusa hata moja. Na papier nilisaini." Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaichana vipande vinne. "Bon. Tunasimamisha. Nitamwambia mama."

"Apana. Hii iko ya mi kusema."

Nilishuka ghorofa zote na miguu mitupu, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya mama Mbambu, padri na wageni wote.

"Mama, fundo zangu zimelegea. Jua imezikausha. Isaïe aliniuliza tangu mwanzo, mi nikamucheka. Kosa iko yangu."

Mama Mbambu alinitazama usoni kwa muda mrefu.

"Na beton yenye iko mu machine?"

"Tutaimwanga mu cour, inje pale, mama," alisema Isaïe nyuma yangu. "Haitapotea."

Mama alichukua mkoba wake, akaingia kwenye gari, akaondoka bila neno. Padri akafunga kitabu. Wageni wakaanza kunong'ona, na muuza maandazi hakunong'ona hata kidogo.

Nilichukua viatu na panga langu la kukatia kekele. Kwenye lango nilimkuta Isaïe amesimama katikati ya njia.

"Tonton, unaenda wapi?"

"Nilitoa neno."

"Alors, mi niko na étage ya saba juu, miti yote inacheza. Hapa nani mwingine anajua kufunga? Neno yako itangoja. Tufunge kwanza."

Adabu ilikuwa imemwisha kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Nikampigia simu kaka yangu mkubwa, Anselme, kule kwenye maporomoko. Alikuwa na kekele mbichi zimelowekwa mtoni, akiba ya kutengenezea mitego yake mwenyewe.

"Yaya, nalomba kekele. Yote."

Kwanza alinicheka, kwa sababu habari ilishamfikia kabla ya simu yangu. Alipomaliza kucheka aliuliza, "Kuko mutu ameumia?"

"Hakuna."

"Basi nakuja."

Adhuhuri ilimkuta Anselme kwenye boulevard na toleka kumi na moja, kila moja na mizunguko ya kekele inayodondosha maji lami nzima, na watu kumi na tisa wa kwetu nyuma. Tulifunga siku mbili. Tulikata fundo la zamani, tukafunga jipya, hatukuruka hata moja. Isaïe alileta wazo lake: magunia yaliyolowanishwa yazungushwe kwenye kila fundo, na mtu wa kuyamwagia maji kila saa, mpaka zege litakapojibeba lenyewe. Lilikuwa wazo zuri sana. Nilimwambia si baya.

Asubuhi ya siku ya tatu hapakuwa na wageni wala viti. Nilipanda miguu mitupu na sikumpungia mtu mkono. Nilikanyaga kila mti, nikashika kila fundo, kisha nikarudia kuanzia mwanzo. Hakuna kilichocheza hata unywele. Isaïe naye alivua viatu vyake vya ngozi na soksi, akanifuata, akakanyaga nilipokanyaga. Nilipomwona hivyo nilijua kazi itakwenda. Nikainama pembeni nikapiga kelele, "Leteni!"

Hamadi ndiye aliyeleta ya kwanza. Tulimwaga tangu saa moja mpaka saa tisa, ndoo juu ya ndoo, na nguzo zikabeba. Ninaijua sauti ya mti unaolemewa, nilizaliwa nikiisikia. Siku ile sikuisikia. Vijana waliimba nyimbo za mtoni katikati ya Makiso, na nilijisikia mkubwa tena, mkubwa kuliko mwanzo, maana sasa nilikuwa ninajua jambo ambalo baba yangu hakulijua.

Saa kumi mama Mbambu alikuja. Yeye ni mwanamke mwenye mwili, na alipanda ghorofa zote kwa miguu, akipumzika kila ngazi. Alifika ametoka jasho, akasimama kwenye ukingo akitazama zege bichi, na nyuma yake mto mpaka Lubunga, ng'ambo ya pili. Mimi nilikuwa na panga langu kwapani, tayari.

"Mama, kazi imeisha vizuri. Neno yangu unaikumbuka. Nilikuwa nakungoja ili nikuage."

Aliendelea kutazama mto.

"Papa Ruffin, mi nilikuwa na bwana. Alijenga depot yetu ya Beni. Siku ya kumwanga beton, fundi aliona kama miti haiko muzuri. Aliona asubuhi. Akanyamaza juu ya haya, kwa sababu bwana yangu alikuwa amealika batu. Dari ilimuangukia saa sita." Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Ile siku niliondoka hapa bila kusema kwa sababu nilikuwa nalia, na sipendi batu banione."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ananisifu, na nilipenda sana kusifiwa. Lakini sikuweza kuipokea sifa ile nzima.

"Mama, na mi nilinyamaza."

Akageuka. "Namna gani?"

"Niliona zinacheza. Sikusema. Nilifikiri haya yangu kwanza."

"Ulinyamaza mpaka wapi?"

"Mpaka ndoo ya kwanza. Mpaka nilimuona Hamadi na ndoo."

Alinitazama vile vile alivyonitazama siku ile barabarani, na nilingoja hukumu yangu. Isaïe alikuwa amesimama kando ameshika soksi zake, hajui aende wapi.

"Yule wa Beni alimuona bwana yangu na macho yake, akamuacha apite," alisema. "Wewe ulimuona Hamadi ukapiga kelele." Akavuta pumzi. "Parcelle yangu, ile kiwanja ya avenue ya nyuma, tunaanza mwezi wa ine. Étages kumi. Isaïe atachora, wewe utafunga, na beton haitamwangwa kama nyinyi bawili hamujagusa fundo zote. Weka ile panga chini."

Nikaiweka chini. Macho yalinijaa machozi, na sikujificha.

"Sasa nipe mukono," alisema mama Mbambu. "Kupanda nimeweza, kushuka ndiyo naogopa."

Nikampa mkono, tukashuka ngazi moja moja, mpaka chini.