Swali Aliloliondoa Nadira

Nitasema kweli: Nadira nilimwonea wivu tangu wiki yake ya kwanza. Miaka saba nimekitunza kisanduku cha kutafutia cha duka letu la mtandaoni, linalouza mabango ya maua ya pongezi na rambirambi hapa Medan, Indonesia. Mteja akiandika maneno nusunusu, kisanduku changu kilimuuliza: ni harusi, ufunguzi au msiba? Akaja Nadira kutoka mji wa Padang, akaliondoa swali. Chombo chake kilisoma maana ya maneno, kikakisia chenyewe mteja anataka nini.

"Wateja hawapendi kuhojiwa, dada," aliniambia akicheka. "Wanataka kueleweka tu."

Bosi Hasudungan alimsifu mbele yangu. Ijumaa angetangaza mkuu wa idara, kiti nilichokisubiri miaka yote hiyo.

Jumatano nilikijaribu chombo chake. Nikaandika: bango, babu, wajukuu, muziki, kesho. Kikaniletea mabango ya siku ya kuzaliwa. Sisi watu wa kabila la Batak, mzee akifa ameshaozesha watoto wote na kuona wajukuu, tunamzika kwa ngoma na kucheza. Mgeni angejuaje? Mimi nilijua. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula tambi zangu kwa raha.

Kesho yake mteja mmoja aliandika karibu maneno yale yale, na kwa haraka ya msiba akalipia bango la kwanza bila kulisoma. Ijumaa asubuhi bango refu kuliko mtu likasimama kando ya jeneza: HERI YA KUZALIWA BABU, UISHI MIAKA MIA.

"Nani kafanya upuuzi huu?" bosi alifoka kikaoni. "Familia nzima inalia, na sisi tunamtakia maiti maisha marefu!"

Nilijiweka sawa kitini nifurahie. Nadira akasimama.

"Ni mimi, bosi. Dada Tiurma alikuwa na swali lake pale, mimi ndiye niliyelitoa. Lirudishwe, na idara aiongoze yeye."

Bosi akakubali. Kiti nikakipata hivyo. Binti wa miaka ishirini na minne kanizidi hata kwa kukosea, na wivu ukanichoma kuliko siku zote.

Tulipotoka alinishika mkono, macho mekundu.

"Dada, ungeliona kosa hili mapema ungeniambia, sivyo?"

"Ningekuambia, mdogo wangu," nikamjibu.